Kona Iliyobanduka

Mumewe alikwenda kununua gundi, akapotea moja kwa moja.

Bibi aliikumbuka siku ile. Fomaika ya meza, ile karatasi ngumu laini iliyogundishwa juu ya ubao, ilikuwa imebanduka kwenye kona, mumewe akaigonga kwa ukucha, akasema, "Nakuja sasa hivi." Tangu hapo bibi hakutoka tena katika gari lao la safari, lile refu lenye kitanda, jiko na meza ya watu wawili. Lilikuwa limeegeshwa uani kwa dada mmoja jirani, mkarimu kweli, ambaye kila siku alimsihi ahamie ndani. Bibi alikataa. Mume akirudi asimkute je?

Tena humo garini hakuwa peke yake. Kikombe alichokiacha kichafu alikikuta kimeoshwa. Taulo aliikuta mbichi. Alfajiri mtu alikohoa kwenye kiti cha dereva, kikohozi cha mumewe hasa, na bibi alipoamka alijikuta amefunikwa blanketi ambalo hakujifunika. Mtu mzima haambiwi maana ya mambo kama hayo. Alilikunja blanketi.

"Hodi, mama."

Mlangoni alisimama mzee mwenye kopo la gundi mkononi.

"Dada wa jirani kaniambia meza inakusumbua."

"Karibu, fundi. Ila nyinyi mafundi kesho zenu haziishi. Mume wangu akirudi, nataka aikute imekaa sawa."

"Leo hii hii, mama."

Fundi aliipasha fomaika moto kwa pasi, akaiinua yote taratibu, akakwangua gundi kuukuu. Kisha akaiendea droo ya vijiko, akainyanyua kidogo ndipo akaivuta, akatoa vijiti vitatu. Droo ile ilikuwa kaidi; kila mgeni huing'ang'ania mpaka akakata tamaa.

"Umeijulia wapi hiyo?"

"Magari haya nimeyazoea."

Akapaka gundi juu na chini, wakangoja ikauke. Haraka haraka haina baraka, gundi hii ikigusana mara moja haikubali kusogezwa. Kwa hiyo akapanga vile vijiti vitatu katikati ili fomaika isilalie ubao kabla ya wakati wake.

"Shika upande huo. Nikichomoa kijiti, wewe kandamiza."

Kijiti cha kwanza. Cha pili. Mikono yao ilikwenda sawa bila kuambizana. Bibi alisikia raha ambayo hakuwa ameisikia siku nyingi, halafu akaona haya. Yeye ni mke wa mtu.

"Fundi, nikuulize. Mtu akifa, anaweza kurudi kumfunika mkewe blanketi?"

Fundi akaendelea kukandamiza pale pale palipokwisha kushika.

"Sijui, mama. Lakini anayekufunika hana ubaya na wewe."

"Simwogopi. Naogopa kwamba kafa, na mimi nilikuwa nimempa mgongo, naosha vyombo. Hata kumwangalia usoni sikumwangalia."

Mzee akajifuta macho kwa mkono wa shati. "Gundi hii kali," akasema.

"Asiyekuwepo machoni na moyoni hayupo, ndivyo wanavyosema. Waongo. Mimi wangu yumo."

Fundi akachomoa kijiti cha mwisho, akaisugua meza kwa chupa kutoka katikati kwenda kando, akakusanya vifaa vyake. Mlangoni aligeuka, akasimama kidogo kama aliyesahau kitu, akashuka.

Bibi akapitisha kiganja juu ya meza. Ilikuwa laini, nzuri. Akaweka vikombe viwili, chake na cha mumewe, akaketi kungoja.

Nje, chini ya dirisha, yule dada wa jirani alikuwa amesimama na sahani iliyofunikwa.

"Baba," akamwuliza fundi kwa sauti ya chini, "leo mama amekutambua?"

"Bado. Lakini kesho ataniita tena. Kona moja sikuipaka gundi."