Kenge na Hadithi Iliyokatizwa

Tegeni sikio moja tu, hadithi yenyewe si ndefu.

Kenge alipenda mayai kuliko kitu chochote. Kila asubuhi alimsimulia Kanga hadithi pale kiotani, na ilipofika patamu alinyamaza. "Mwisho wake anaujua Kobe wa mtoni," alisema. "Kimbia ukamuulize." Kanga alikimbia mbio, na akirudi alikuta yai moja limetoweka.

Siku ya nne Kanga hakukimbia. Aliruka ghafla juu ya tawi, akasema, "Bwana Kenge, leo nasimulia mimi. Paliondokea mwizi wa mayai. Alipofungua kinywa ale, nyuma yake..." Akanyamaza.

Kenge alicheka mpaka mkia ukatikisika. "Mama Kanga, mbinu hiyo unanifundisha mimi? Msimulizi hukatiza patamu ili msikilizaji ahangaike, ageukegeuke kama mjinga. Mimi sigeuki ng'o! Nyuma yake hakuna kitu. Tena sauti umeishusha mapema mno. Ulitakiwa kwanza u..."

Chatu, aliyekuwa nyuma yake tangu hadithi inaanza, alimmeza pale pale patamu.