Kicheko cha Ndeshi

Mgeni, afisa wa kuwaachisha watu pombe, aliingia bila kupiga hodi; sheria ilimruhusu. Alikuja kuondoa kitu chochote kilichoufundisha mwili wa Elirehema kutamani mbege, pombe ya ndizi, hata bila mwenyewe kujua. Alimbandika kifuani kifaa kinacholia mwili ukiingiwa na tamaa, akamwonyesha kigoda, mkeka, redio ya zamani. Kifaa hakikulia.

"Mwonyeshe na mbuzi, dada," Elirehema akatania. "Tulikuwa tunakunywa naye."

Mkewe, Ndeshi, akacheka. Kifaa kikalia.

"Mama, ni kicheko chako," mgeni alisema kwa upole. "Ulikuwa ukicheka akinywa. Ukiendelea kucheka, itabidi tumhamishe mumeo."

"Sitacheka tena," Ndeshi aliahidi.

Mwezi wa saba sasa Elirehema hajaonja pombe. Kila jioni humwigiza jogoo wa jirani anavyochechemea. "Cheka kidogo tu, mke wangu," humsihi. Ndeshi huuma kanga yake mpaka mumewe amalize.