Hata Uzi wa Mwanga

Mteja alikuwa ameirudisha mara mbili throto ya gari lake la zamani, lile koo la kupitisha hewa kwenye injini, akisema bado inavujisha hewa, nami nikamwita mjinga.

Safari hii niliweka bushi na shafti mpya, nikafunga kibati chake cha kuzibia hewa na kuielekeza dirishani. Kikiziba vizuri, mwanga haupiti. Nikachungulia kwa jicho la kulia. La kushoto lilipofuka zamani kwa chembe ya chuma.

Sikuona hata uzi wa mwanga.

“Mama Watoto, njoo uone kazi ya mwanamume!”

Mke wangu akachungulia, akacheka. “Kazi gani? Mwanga umezunguka kama pete.”

Nikachungulia tena. Giza.

“Acha utani. Washa taa basi.”

Akaacha kucheka.

“Imewaka tangu asubuhi, Baba Watoto.”