Jina Moja, Nyumba Mbili

Athmani aliziwekea nyumba zake mbili kompyuta, moja kwa kila mke, na zote zilifungua mtandao kwa jina lake. Kilichotafutwa huku kilionekana na kule. Wake wenyewe hawakusemezana; Bi Zuhura hakuwahi hata kukanyaga kizingiti cha mwenziwe.

Asubuhi moja, mume akiwa safarini, Bi Zuhura alikaa kutafuta bei ya cherehani. Chini ya kisanduku cha kutafutia yakajipanga maneno ya Tausi, mke mdogo: "mjamzito kuvimba uso." Kisha: "mjamzito kuumwa kichwa na kuona vimulimuli."

Alisonya, kama kawaida yake. Halafu akayasoma tena. Dalili hizo hakuhitaji kuelezwa; ndizo zilizompokonya mwanawe wa kwanza.

Namba ya simu ya mwenziwe hakuwa nayo. Akaandika palepale kwenye kisanduku: "Tausi, hiyo si ya kungoja. Lalia ubavu. Nakuja na gari twende hospitali."

Akabonyeza, akavuta mtandio wake. Alipotupa jicho tena, maneno mapya yalikuwa yamejitokeza juu ya yake:

"Mlango nimeurudisha tu, dada. Sukuma."