Pindo la Kitambaa cha Meza

Mkasi ulikuwa umeshafunguka Murielle alipohisi vitu vigumu ndani ya pindo.

Alidhani ni vile vizito ambavyo mafundi hushonea mapazia ili yatulie. Lakini hiki kilikuwa kitambaa cha meza, zawadi ya bibi mmoja wa Albania. Mdogo wake Murielle, padri huko Albania, alikuja nacho likizo hapa La Rochelle.

"Yaya, kikate pindo kitoshe altare," alikuwa amemwambia dada yake. "Wakomunisti waliligeuza kanisa letu ghala. Ndiyo kwanza tumelipaka chokaa."

Murielle alipapasa. Vigumu kumi, nafasi, kimoja, nafasi, kumi tena.

Alifumua kidogo kwa ncha ya sindano. Kokwa za zeituni, zimesuguliwa hadi kung'aa. Na pindo lote, upande wa ndani, lilikuwa limelika kwa vidole.

"Huyo bibi alikuwa akipata wageni?"

Padri, aliyekaa kando yake, aliweka kikombe chini. "Eish, kila wiki! Wapelelezi walikaa mezani kwake saa nzima, wanamchunguza kama bado anasali. Ukikutwa na rozari, jela. Anasema alikuwa akiwamiminia kahawa kwa mkono mmoja, anawatazama tu."

Murielle alifunga mkasi. Akakivuta kitambaa magotini.

"Yaya? Hukati?"

Mkono wa kushoto wa Murielle ulikuwa umezama chini ya meza ya cherehani, na midomo inacheza.

"Yaya?"

"Ngoja kwanza, Padri. Sijamaliza tendo la kwanza la rozari."