Bomba Lililoshiba Mchanga

Kibibi, aliyepooza miguu, alimtazama mke mwenzake kwa jicho la pembeni. Saumu alikuwa akishindilia mchanga ndani ya bomba la kigari alichosema anamtengenezea. Upande mmoja wa bomba ulikwisha kuchomelewa. Wa pili akauziba kwa kigingi.

"Kitendawili!" Saumu alimchokoza.

"Tega."

"Nikishiba napindika vizuri, nikiwa na njaa nabonyea."

"Bomba. Na mchanga ukiwa na maji, motoni linalipuka, kigingi kinafyatuka kama risasi. Umeukaanga?"

"Nimeukaanga, dada."

"Nani kaona?"

Saumu aliligeuza bomba, kigingi kilichomwelekea Kibibi kikamwelekea yeye kifuani, akalilaza juu ya makaa na kuyapuliza. Bomba likaiva jekundu katikati.

"Haya, vuta."

Kibibi alishika ncha yake kwa tambara, akavuta polepole, macho kwenye kigingi.