Mtaa Usiokuwemo Ramanini

Mwalimu Mwanaidi alikuwa akiwafundisha darasa la nne ramani ya mji wao, na mkaguzi wa shule ameketi dawati la nyuma, mikono kifuani. Somo la maarifa ya jamii lilikwenda vizuri mpaka Tabu aliponyoosha kidole.

“Mwalimu, mbona Mtaa wa Wafinyanzi haumo? Kwetu kulikuwa pale, kabla hawajaubomoa.”

Mwanaidi akamtupia jicho mkaguzi. Kitabu hakikuutaja mtaa ule, na mwalimu mwenzake aliyewahi kuutaja alihamishwa upesi. Angeweza kusema tuendelee. Lakini mtoto alikuwa bado amesimama, akimtazama.

“Njoo utuonyeshe ulikuwa wapi,” alisema, akimnyooshea chaki.

Tabu akachora ubaoni nyumba yao, kisima na njia ya kwendea msikitini. Wenzake wakaanza kumkumbusha: “Duka la Bi Rehani! Tanuri la vyungu!”

Mkaguzi akainuka. Akapita katikati ya madawati, akafika ubaoni, akanyoosha mkono kuomba chaki. Tabu akamgeukia mwalimu wake. Mwanaidi akaitikia kwa kichwa, na Tabu akampa mkaguzi chaki.

Yule bwana akaitazama michoro kwa muda mrefu, kisha akainua mkono, akachora nyumba nyingine kando ya kisima. “Na kwetu kulikuwa hapa,” alisema.